Makaa ya Mbono

Shule ya Wasichana, Newala
4 Juni 1956

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kinakupa nafasi ya kulala. Huku ukungu unapanda kutoka bondeni kila asubuhi, na wasichana wanakuja darasani wamejifunika khanga mbilimbili kama vikongwe. Baba Cecil hajambo. Cecil mwenyewe ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi katikati ya sala.

Baba, nina habari, na nimeikalia tangu wiki iliyopita nikiogopa isije ikageuka. Nimechaguliwa. Barua imetoka Mtwara: naenda Uingereza mwaka mmoja, kwenye chuo cha walimu, kujifunza kufundisha sayansi. Meli inaondoka Dar es Salaam mwishoni mwa Agosti. Mwalimu Mkuu anasema hajasikia mwanamke mwingine wa huku juu aliyepelekwa kwa kazi hiyo. Nikamjibu kwamba mimi sijasikia mwanamke mwingine wa huku juu aliyelelewa na mtu asiyeweza kunywa uji bila kueleza mvuke ni nini. Alicheka, lakini nilikuwa nasema kweli.

Kabla ya safari atakuja mkaguzi kunisikiliza nikifundisha. Nimechagua somo la kaboni: kwa nini kile cheusi cha ndani ya penseli ni laini hata kinabaki kwenye karatasi, na almasi ni ngumu hata inakata kioo, ilhali vyote viwili ni kitu kimoja. Ulinifundisha zamani, lakini nakumbuka sauti yako kuliko maneno. Niandikie.

Jambo la pili. Kuna daktari Lindi anayeondoa nembo za chale usoni. Anasugua ngozi kwa chumvi, kidogo kidogo, mpaka weusi unatoka. Hubaki baka jeupe ambalo, anasema, hufifia. Amenipangia tarehe 20 Julai. Nitakwenda, nitapona, kisha nitakuja Masasi kukuaga. Unajua nembo hizi nilivyozipata: wewe hukuwepo, Bibi Stamili akanipeleka kwa fundi kule Mkunya, nikarudi uso umevimba kama boga. Sikumbuki sana maumivu. Nakumbuka kopo la chai lenye picha ya tembo, ambamo fundi alikuwa akichota unga wa makaa. Nilimkazia macho tembo yule ili nisilie.

Naomba baraka yako kwa safari zote mbili.

Mwanao,
Isabela


Mkomaindo, Masasi
12 Juni 1956

Mama Cecil, mwanangu,

Marahaba. Barua yako imeletwa na Bwanali, dereva wa lori, ambaye hakubali kuacha barua kwangu bila kusomewa. Nilimsomea habari ya Uingereza tu. Akasema, "Mwalimu, sasa utatuvimbia." Nikamwambia, "Nimekwisha kuvimba, Bwanali, wewe ndiye umechelewa." Alipotoka hapa alikwenda moja kwa moja sokoni, na tangu siku hiyo watu wanapita kunipongeza, hata wale waliokuwa wakisema msichana akisoma sana ataota ndevu. Nawapokea wote. Nimewawekea mkeka.

Baba yangu alifika Masasi akiwa mtumwa aliyekombolewa, hajui hata mto wa kwao unaitwaje. Mjukuu wake anapanda meli kwa hiari yake, jina lake likiwa limeandikwa kwenye tiketi. Nimelala macho wazi nikilifikiri hilo, na kifua hakikunisumbua.

Sasa kaboni. Usianze na almasi. Wataiota tu, hawatakusikiliza. Anza na mikono. Waambie kila atomu ya kaboni ina mikono minne ya kushikia jirani. Mambo yote yanategemea inavyoitumia.

Katika almasi kila atomu imeshika majirani wanne, mmoja kila upande, juu, chini na pembeni, kwa umbali ulio sawa. Kila jirani naye ameshika wanne. Hakuna mlango wala ufa. Ukitaka kumng'oa mmoja lazima ugombane na ukoo mzima, na ndiyo maana hakuna jiwe linaloichora almasi isipokuwa almasi nyingine.

Katika penseli ni vingine. Kila atomu imeshika majirani watatu tu, na wote wamelala bapa, wamefanya vyumba vyenye pembe sita kama sega la nyuki. Mkono wa nne hauna jirani wa kumshika. Unaelea tu juu ya sega. Masega hayo yamepangwa moja juu ya jingine, na kati yake hakuna mshiko wa maana. Unapoandika hukati kitu. Masega yanateleza, la juu linabaki kwenye karatasi.

Atomu ni zilezile. Kilichobadilika ni kushikana.

Kuhusu Lindi, usifanye haraka. Makaa yaliyo usoni mwako nayo ni kaboni, ni ndugu wa almasi. Na almasi haisuguliwi kwa chumvi. Lifikirie hilo.

Baba yako,
Cuthbert


Newala
21 Juni 1956

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka kwa ajili ya mkeka.

Somo lako nimelijaribu. Hatuna vifaa, kwa hiyo tulikata muhogo vipande, tukavichomeka njiti, kila kipande kikashika vinne. Almasi yetu ilisimama mezani, ukiisukuma haiyumbi. Kwa penseli nilileta nyungo za jikoni nikazipanga moja juu ya nyingine, na Paulina, binti wa Mkunya asiyeweza kutulia, akazisukuma zote zikatawanyika sakafuni. Wakaelewa. Tuliporudi kutoka kwenye gwaride almasi ilikuwa imepungua. Nilipouliza, Paulina akasema, "Mwalimu, tumekula atomu tatu tu, zile za pembeni zisizo na kazi."

Lakini Baba, ulinifundisha nisikubali jambo kwa sababu tu aliyelisema ana mvi. Nimesoma kitabu cha Mwalimu Mkuu mara mbili. Makaa si almasi. Ukiyatazama ndani utakuta vipande vidogo vya yale masega ya penseli, vimekunjamana, vimerundikana ovyo. Ni ndugu wa almasi kwa damu, si kwa tabia. Nembo haikukaa usoni mwangu kwa ugumu. Imekaa kwa sababu mwili hauna dawa ya kuyeyusha kaboni, na ngozi imefunga juu yake. Na chumvi haisugui makaa, inasugua ngozi. Makaa yanatoka pamoja nayo. Hoja yako imeanguka, na nina shaka ulijua itaanguka ulipokuwa ukiiandika.

Jambo moja la kitabuni limenikaa. Nilidhani penseli ni laini kwa sababu atomu zake zimeshikana vibaya. Sivyo. Ndani ya sega moja zimekaribiana kuliko hata ndani ya almasi. Kila sega peke yake ni gumu ajabu. Ulaini uko kati ya sega na sega, pale pasipopita neno.

Nimekukosoa, sasa nikuambie kweli. Uingereza ni kisingizio. Wale watanishangaa nikiwa na nembo au bila nembo, kushangaa hakuniui. Nakwenda Lindi kwa ajili yako.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Jumapili ya kwanza baada ya vidonda kukauka tulikwenda kanisani, mimi nimekaa benchi la mbele na watoto. Padre akasema nyumba ya mwalimu mmoja imerudi gizani. Niligeuka nikutazame. Ulikuwa unalia, Baba, mbele ya watu wote, machozi yanafika kwenye ndevu. Sijawahi kukuona ukilia tena, hata tulipomzika Mama. Hukunigombeza. Hukusema neno lolote juu ya uso wangu, siku ile wala baadaye. Mimi nilijua. Mtu anayejua kila kitu akinyamazia jambo moja, jambo hilo ni zito.

Kwa hiyo nataka uniage nikiwa na uso uliotaka niwe nao. Bibi alikufanyia bila idhini yako. Mimi nitarekebisha.

Mwanao,
Isabela


Mkomaindo
29 Juni 1956

Mama Cecil,

Marahaba. Umenikosoa vizuri. Nilisoma ukurasa ule wa masega kwa Basil, mpwa wangu anayenipikia, akasema, "Mjomba, huyu amekupita." Nikamwambia alinipita zamani, sasa ameamua kugeuka nyuma na kuniambia.

Kifua kimekuwa kizito. Daktari wa hapa hospitali ni kijana mpole, ananiambia nipange mambo yangu bila kuniambia kwa nini. Mbuzi wa jirani wamekula mche wa mkorosho nilioupanda mwaka jana. Mikorosho ya wengine imeanza kutoa maua.

Kuhusu Lindi, ningependa usubiri. Kuna mambo ambayo hayaandikiki vizuri. Ukija nitakueleza.

Baba yako,
Cuthbert


Newala
5 Julai 1956

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mbele na nyuma. Kuna mbuzi, kuna mkorosho, kuna Basil. Hakuna "usiende", na hakuna sababu.

Nikisubiri mpaka nije Masasi sitapata tena nafasi ya Lindi kabla ya meli. Kama jambo linasemeka, liseme kwa barua. Kama halisemeki, nitachukua gari la alfajiri tarehe 19 kama nilivyopanga, na utanipokea na uso mpya. Wewe hukupata kuniuliza. Na mimi sitakulazimisha.

Pole kwa kifua. Nimekutumia asali ya Nanganga kwa mkono wa mwalimu mwenzangu anayepita huko. Kunywa na maji ya moto.

Mwanao,
Isabela


Mkomaindo
17 Julai 1956

Isabela,

Leo sikuiti Mama Cecil, kwa sababu maneno haya ni ya yule msichana wa benchi la mbele.

Naandika kwa penseli. Wino unataka mkono uliotulia. Barua yako nilikuwa nayo siku zote hizi. Nimeanza kujibu na kuchana, kuanza na kuchana. Leo Bwanali amekaa kizingitini na kuniambia haondoki bila karatasi. Ameacha lori linaunguruma barabarani ili nisipate nafasi ya kuremba. Nisiporemba, usinihukumu kwa lugha.

Siku ile sikuwa mbali. Nilikuwa Mkunya, nyuma ya jiko la bibi yako, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Bibi Stamili hakukuchukua bila idhini yangu. Mimi ndiye niliyemwomba.

Nianzie huku. Nilipopanda Mkunya kumposa mama yako Dominika, wajomba zake walinikalisha uani wakanitazama. Walijua ni mwalimu, walijua nina mshahara, walijua nasali. Hayo hayakuwashughulisha. Mkubwa wao aliutazama uso wangu muda mrefu, kisha akawaambia wenzake, "Uso kama yai. Yai zuri, sikatai. Lakini tukimtafuta kuku, tukamtafute wapi?" Walicheka sana. Nami nilicheka, maana mposaji hana ruhusa ya kununa. Mama yako walinipa. Jina la Yai nalo walinipa, na mpaka leo wazee wa kule wakiniulizia huuliza Yai hajambo.

Hawakukosea. Baba yangu alikamatwa akiwa mdogo mno, hajafikia umri wa kuchanjwa. Alipokombolewa na kuletwa Masasi hakujua kwao, lugha alikuwa amekwisha kuipoteza njiani. Kila wageni walipopita, wapagazi, wauza tumbaku, wakimbizi wa vita, alitoka akakaa kando ya njia na kutazama nyuso zao. Alikuwa anasubiri mmoja asimame amwambie: wewe ni wetu. Hakuna aliyesimama. Watasimamaje? Hapakuwa na kitu cha kusoma. Alikufa bado anatoka kutazama njia. Na mimi uso wangu nimeurithi kwake, safi, kama ukurasa ambao hakuna aliyeona haja ya kuandika.

Ulipotoka unyagoni, wenzako wakawa wanakwenda kwa fundi mmojammoja. Nilikuona ukiwatazama. Ndipo nikaenda kwa bibi yako. Nilimwambia, "Mama, nataka mtoto achanjwe." Akaniuliza, "Mwalimu, umelewa?" Nikasema sijalewa. Akasema, "Basi umepona."

Alitaka kuchoma makaa ya mbono jikoni kama wanavyochoma wote. Hapo ndipo ualimu ulinishinda. Nilimwambia moto wa wazi unakula nusu ya makaa na kuacha majivu, na majivu hayakai kwenye chale, yanaoshwa na damu. Nikachukua kopo langu la chai, lile la tembo. Nikakata vijiti vya mbono vilivyokauka, nikavijaza, nikafunga kifuniko kwa waya na kukitoboa tundu moja la msumari. Nikaliweka motoni. Moshi ulitoka kwenye tundu, ukawa mweupe, ukawa mwembamba, ukakoma. Hewa haikuingia, kwa hiyo mti haukuweza kuwa majivu; ulitoa maji yake na moshi wake, ukabaki na kaboni. Nilisaga mwenyewe juu ya jiwe na kuchuja kwa kitambaa cha mama yako. Sijawahi kufanya kazi ya maabara kwa uangalifu kama ule, wala kabla wala baadaye.

Fundi alichovya kidole akasugua kwa gumba. Nilimsikia kutoka nyuma ya ukuta. "Nani kachoma haya?" Bibi yako akasema, "Yule Yai." Fundi akausugua tena, kisha akasema, "Basi Yai linaujua moto."

Nilisikia kisu kikianza. Wewe sikukusikia. Nilikaa pale nikisubiri ulie, na hukulia, na kila ulivyokaa kimya ndivyo nilivyozidi kuwa mrefu juu ya kinu kile.

Uongo aliutunga bibi yako. Alisema, "Wewe una shule ya watu. Wakijua watakunyang'anya. Mimi wataninyima nini? Hata ubatizo sina." Akaapa kwamba nikisema kweli atanikana mbele ya watu na kuniita mwongo. Alilipenda sana jambo lile. Kila Padre alipomgombeza alikuja kunisimulia huku akicheka mpaka anashika mbavu. Alipokufa nilikuwa huru kusema. Lakini kufikia hapo watu walikuwa wananisifu kwa uvumilivu wangu na mama mkwe mkaidi, na nilikuwa nimeizoea sifa hiyo kama kiti.

Sasa kanisani. Padre aliposema nyumba yangu imerudi gizani, uligeuka. Vidonda vilikuwa vimekauka, makaa yameshika, buluu iliyoiva, mistari imekaa sawasawa shavuni na kwenye paji kama iliyopigwa kwa rula. Nilijua kwamba mtu yeyote wa huko juu, akikukuta Tunduru, akikukuta Zanzibar, akikukuta mwisho wa dunia, atasimama. Hutakaa kando ya njia. Hakuna atakayekuuliza kuku. Nililia kwa fahari, Isabela. Watu wakadhani ni aibu, nami nikawaacha wadhani, kwa sababu aibu ilikuwa salama zaidi kwa kazi yangu. Wewe uliiokota aibu ile ambayo haikuwepo, ukaitunza mpaka leo. Hilo sikulijua mpaka barua yako ya mwezi uliopita, na tangu hapo ndilo lililonikaba, si kifua.

Chale siziombei msamaha. Ningekuwa na nguvu ningechoma kopo jingine. Naomba msamaha kwa kunyamaza.

Nilikudanganya pia habari ya almasi, na ulinikamata. Nilitaka uache Lindi bila mimi kusema. Umeandika kwamba ulaini uko kati ya sega na sega, pale pasipopita neno. Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi. Wewe mgumu, mimi mgumu, na kati yetu tumeteleza miaka yote hii.

Ukitaka kwenda Lindi kwa ajili yako mwenyewe, nenda, na baraka yangu unayo. Uso ni wako. Ila usiende kwa ajili yangu. Uso niliotaka uwe nao unao tayari.

Bwanali anapiga honi.

Baba yako,
Cuthbert


Newala
24 Julai 1956

Baba,

Shikamoo. Naandika kutoka Newala. Sikwenda Lindi.

Alfajiri ya tarehe 19 nilikuwa stendi, nimekaa juu ya sanduku, gari linapakia. Bwanali aliingia kwa mwendo ambao mizigo yake haikuupenda. Lori lilikuwa limemharibikia njiani, amelala chini yake siku mbili, uso mweusi kwa masizi. Akanipa barua akasema, "Mwalimu kaniambia nikupe mkononi. Na nisipokukuta nikufuate mpaka Lindi." Nikamwambia amejipaka kaboni. Akasema yeye haijui, inaonekana ni ya kwenye ekzosi.

Niliisoma palepale. Nilipofika kwenye kopo la tembo ilibidi nisimame. Miaka yote nilijiuliza Bibi alilipata wapi kopo la chai, mtu ambaye hakuwahi kunywa chai. Kondakta akaniita, "Mama, unapanda au hupandi?" Nikageuza ukurasa. Akaita tena, na abiria mmoja akamwambia, "Mwache, huyo kaletewa msiba." Nikasema si msiba. Nikamwambia apakie gunia la mtu mahali pangu.

Usidhani nimefurahi tu. Nimekasirika, Baba, na nitakuja na hasira hiyo Masasi niikalishe mkekani kwako. Nilikuwa natembea nimeinamisha uso mbele yako tangu utotoni. Nilikuwa nakuletea uji nimegeukia pembeni. Wewe ulidhani nina adabu. Bibi yangu amekufa nikiwa nimempenda nusu, nusu nyingine nikimlaumu kwa machozi yako. Nitakwenda Mkunya kwenye kaburi lake kabla ya meli, na nitamwambia mwenyewe. Naamini atashika mbavu.

Mkaguzi alikuja jana. Tulisimamisha almasi ya muhogo, safari hii ikiwa imelindwa. Tukasukuma nyungo. Nilimpa kila msichana kipande cha penseli asugue kwenye karatasi na kidoleni, aone masega yanavyoachana. Kisha nikauliza nani anaweza kutaja kaboni nyingine aliyoiona leo. Wakasema masizi ya sufuria, makaa ya jikoni. Paulina akanyoosha mkono. "Hiyo ya usoni kwako, Mwalimu."

Mkaguzi akatazama viatu vyake. Zamani ningemwambia akae chini.

Nilisogea karibu na dirisha ili waone vizuri. Nikasema ni makaa ya mbono. Nikaeleza kwamba si magumu kama almasi, na hayahitaji kuwa magumu, kwa sababu hakuna kitu mwilini kinachoweza kuyala. Nikasema yalichomwa ndani ya kopo lililofungwa, lenye tundu moja la msumari, ili hewa isiingie na mti usiwe majivu. Mkaguzi akainua kichwa. Akauliza ni nani wa huku aliyefikiria kufunga kopo.

Nikamwambia, "Baba yangu." Nikalirudia, ili na wa benchi la nyuma wasikie.

Ameandika jambo kwenye daftari lake. Sikujali ni nini.

Nakuja Jumamosi na lori la Bwanali, likikubali kuwaka. Atanishusha mlangoni kwako.

Mwanao,
Isabela


Mkomaindo
27 Julai 1956

Mama Cecil,

Marahaba. Hasira ije, mkeka upo.

Bwanali atakupa hii ukipanda lori. Jana nilimwita Padre tuliye naye sasa, kijana wa huku huku, nikamweleza yote. Alisikiliza, akaniuliza kama kopo lile bado ninalo. Basil amelitafuta darini. Tembo amefutika, limebaki sikio.

Jambo moja. Mwambie Bwanali asikulete mlangoni. Ushuke sokoni, upande barabara kwa miguu mpaka kwangu. Nitakuwa nimekaa nje. Asubuhi kuna baridi, najua, lakini usijifunike khanga.

Baba yako, mchoma makaa,
Cuthbert